Kisu Hakikati Hamu

Chakula ni neema, na katika nyumba zetu ndiyo lugha ya kwanza ya mapenzi. Mgeni hupokewa kwa chakula, mfiwa hufarijiwa kwa chakula, harusi haikamiliki bila ya pilau, na Ramadhani ikikaribia watoto huanza kutaja tambi, kaimati na mihogo ya nazi. Kwa sababu hiyo ni vigumu kumweleza mtu kwamba kitu hiki cha heri kinaweza kumtawala mwanadamu hata akakosa amri juu ya mkono wake mwenyewe. Mlevi akiomba msaada hutafutiwa tiba. Mtu mnene akisema kwamba chakula kimemshinda, huambiwa apunguze kula, kana kwamba jambo hilo halijawahi kumpitia akilini.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina umri wa miaka 44, na ninaishi Dar es Salaam. Urefu wangu ni sentimita 160 na uzito wangu ni kilo 123. Kwa kipimo cha madaktari kinacholinganisha uzito na urefu nimefika 48, ilhali unene unaohesabiwa kuwa ugonjwa huanzia 30. Nina kisukari kwa mwaka wa saba sasa, pamoja na shinikizo la damu. Marehemu mama yangu alikatwa mguu kwa kisukari hichohicho, nami nimeanza kuhisi ganzi katika vidole vya miguu. Baada ya wiki tatu, Mwenyezi Mungu akipenda, nitafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Ninaandika kabla ya siku hiyo kwa makusudi, kwa kuwa waliofaulu husimulia baadaye, na wenye hofu hukaa kimya.

Njaa ninaijua, maana nimefunga tangu utotoni. Njaa huja polepole na hutulizwa na chochote, hata kipande cha muhogo wa kuchemsha. Hiki kingine huja kwa ghafla, mara nyingi usiku watu wakiwa wamelala, nami nimeshiba. Hutaka kitu maalumu: mkate mweupe wenye siagi, visheti, soda ya baridi. Nikila hupata utulivu wa dakika chache, kisha huja fedheha, na fedheha yenyewe huniita tena kwenye kabati. La ajabu ni kwamba ninaweza kukaa zaidi ya saa 13 za saumu bila ya taabu kubwa, lakini baada ya kaimati ya kwanza sijui pa kusimama. Kuacha kabisa ninaweza. Kula kwa kiasi ndiko kunakonishinda. Mvuta sigara akitaka kupona huachana na sigara moja kwa moja. Mraibu wa chakula hana budi kukutana na kinachomshinda mara tatu kila siku, tena katikati ya jamaa zake.

Hali hii imechunguzwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitunga maswali ya kupima uraibu wa chakula. Madaktari hawajakubaliana wote kuuhesabu kuwa ugonjwa wa peke yake, lakini ulaji wa kupita kiasi usiozuilika uliingizwa mwaka 2013 katika mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumika huko kama ugonjwa kamili. Nilipoelezwa hayo nilipumua, kwani kwa miaka mingi nilikuwa na jina moja tu la hali yangu, nalo ni ulafi.

Upasuaji nitakaofanyiwa huondoa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa tumbo, na sehemu inayobaki huwa nyembamba mfano wa ndizi. Katika sehemu inayoondolewa ndimo hutengenezwa kwa wingi homoni ya ghrelini, ambayo huamsha njaa. Kwa hiyo mgonjwa hushiba upesi, na kwa muda njaa yenyewe hupungua. Hata hivyo, kisu hakigusi ulimi wala kumbukumbu. Tumbo dogo hukataa sahani ya wali, lakini soda, aiskrimu na uji uliojaa sukari hupita humo bila ya kizuizi. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi. Ulionyesha kwamba uzito hupungua sana katika mwaka wa kwanza na wa pili, kisha kwa wengi sehemu yake hurudi. Ulionyesha pia kwamba waliopasuliwa walifariki wachache kuliko wenzao wa unene kama huo ambao hawakupasuliwa. Habari zote mbili ni za kweli, na usiku ninayoikumbuka ni ile ya kwanza.

Hofu yangu ina sababu. Mara tatu nimepungua, mara moja kwa kilo 22, na mara tatu uzito umerudi. Sasa ninafahamu kwamba mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo zaidi na huongeza njaa, ukipigania kurudi ulikotoka. Lakini fahamu hiyo hailipi gharama. Mume wangu ameuza kiwanja tulichokuwa tumewawekea watoto. Nilipomwambia kwamba ninaogopa fedha hiyo itapotea bure, alijibu, "Mama watoto, kiwanja hununuliwa tena." Maneno hayo yalinifariji na kuniongezea mzigo kwa wakati mmoja. Nikawa ninasikia tayari minong'ono ya shughulini: hata kisu kimemshinda.

Kuna hofu nyingine ambayo watu wa nje ya dini yetu huenda wasiielewe. Baada ya upasuaji mgonjwa hunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, na humeza vitamini maisha yake yote. Daktari amenieleza kwamba Ramadhani ya kwanza sitaweza kufunga, na sheikh niliyemuuliza alinikumbusha ruhusa ya mgonjwa iliyomo katika Suratul-Baqara. Ninaipokea ruhusa hiyo kwa shukurani. Lakini saumu ndiyo saa pekee ambayo nafsi yangu hunitii, na mwaka huo nitaikosa.

Mshauri wa hospitalini, ambaye kila mgonjwa hutakiwa kumwona kabla ya upasuaji, aliniuliza swali moja: "Unaogopa kushindwa. Kushindwa huko ni kitu gani hasa?" Nilitaka kutaja kilo, nikasita. Uzito ukirudi kilo tano nami nikarudi kliniki kuomba msaada, hapo nitakuwa ninaendelea na matibabu. Kinachonitisha kwa kweli ni kurudi gizani, mimi na kabati, peke yangu. Tangu siku hiyo nimeacha kuiomba hofu iondoke. Ninaitumia kunionyesha mahali pa kuweka ulinzi.

Basi niliwaeleza mume wangu na binti yetu mkubwa maradhi haya yalivyo. Binti akasema, "Mama, nikisikia mlango wa kabati nilikuwa ninakohoa, ili ujue kuna mtu macho." Sasa tumekubaliana kwamba nikizidiwa nimwamshe, tukae pamoja mpaka ipite. Vitafunio vitamu havilali tena nyumbani. Wiki mbili za mwisho nitakuwa katika mlo wa wanga na sukari kidogo, ili ini linalofunika tumbo lipungue na daktari apate nafasi. Na mshauri nitaendelea kumwona hata baada ya kidonda kupona.

Tangu madrasa tumefundishwa kuacha theluthi ya tumbo kwa ajili ya pumzi. Mara nyingi nimerushiwa mafundisho hayo kama jiwe. Safari hii ninayasoma kama rehema kwa mtu aliyechoka, kwa kuwa yanatuambia kwamba tonge chache humtosha mwanadamu kuusimamisha mgongo wake.

Kwenu ndugu zangu wenye jamaa wa hali yangu, ninayo maombi mepesi. Akisema ameshiba, msimwambie kwamba asipoongeza amewadharau. Akila, msimhesabie matonge. Mkikutana naye baada ya muda, mjulieni hali kabla ya kuutaja mwili wake. Nanyi mnaoamka usiku kama mimi, mchagueni mtu mmoja wa kumwamsha. Siwaombi mniombee wembamba. Niombeeni uzima, subira na ulimi wa kusema ninapozidiwa, na Allah awape afya wote wanaotaabika kwa siri. Amin.