Mtu mzima hovyo? Jumapili ya michezo kutoka Mbagala hadi Coco

Kuna maneno matatu yanayotosha kumrudisha mtu mzima kwenye kiti chake: “Mtu mzima hovyo!” Mama akiruka kamba na binti yake uani, jirani atayasema. Baba akijificha nyuma ya tenki la maji kwenye kombolela, wapita njia watamshangaa.

Wakati huohuo tunakumbushana kuwa ukubwa ni jalala. Kodi ya nyumba, ada, mgonjwa na msiba, vyote hutupwa kwako. Lakini jalala nalo huzolewa, la sivyo linaoza. Wakubwa wa Dar es Salaam wanalizolea wapi? Na watoto wao wako wapi wakati huo? Jumapili moja nilizunguka kutoka Temeke hadi Kinondoni kutafuta jibu.

Saa 12 asubuhi, Mbagala. Kabla daladala hazijaijaza Barabara ya Kilwa, lami ni ya vikundi vya jogging. Fulana za rangi moja, filimbi, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Humo kuna dereva wa bodaboda, mama lishe, fundi cherehani na mstaafu. Wanataniana na kucheka kwa sauti. Ukiondoa mvi na vitambi, ni mchakamchaka wa shule ya msingi uleule.

Kiafya wanafanya jambo jema. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku. Hata hivyo, katika msafara ule sikuona mtoto.

“Wangu nimewaacha wamelala,” aliniambia mama mmoja huku akijifuta jasho. “Hapa ndipo na mimi napumua.”

Kutoka hapo nilipanda daladala hadi Tandika. Kwenye ua wa nyumba ya kupanga, mama mmoja alikuwa anafua nguo za wiki nzima. Hatua chache kutoka kwenye beseni, binti yake na wenzake walikuwa wanacheza rede kwa mpira wa soksi. Nilimuuliza kama aliwahi kuucheza.

“Rede? Mimi nilikuwa sipigwi!” Akacheka, kisha akatazama madirisha ya majirani. Baadaye akafunga khanga vizuri, akaingia katikati. Alikwepa mipira kama sita hivi kabla hajapigwa mgongoni. Binti yake aliduwaa: “Kumbe mama unajua!” Mama akarudi kufua, lakini binti aliusogeza mpira karibu na beseni, akawa anamsimulia mambo ya darasani ambayo hakuna aliyemuuliza.

Mchana nilivuka upande wa Kinondoni, hadi Mwananyamala. Chini ya mwembe wazee walikuwa wamelizunguka bao la kete, mashimo 32 na kete 64, wakibishana kama vijana. Hapo hakuna anayeambiwa hovyo. Hata Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mpenzi wa bao.

Kwa hiyo mtoto aliye ndani ya mtu mzima hajafa katika jiji hili. Amepewa ruhusa za hapa na pale: kwenye jogging, kwenye bao, kwenye mechi za maveterani, nyuma ya mdundiko wa Wazaramo unapopita mtaani. Ruhusa hizo humfikia baba zaidi kuliko mama, ambaye Jumapili yake iko kwenye beseni na jiko. Na wote wawili, baba na mama, wakifika nyumbani huivua ruhusa hiyo mlangoni pamoja na viatu.

Jioni nilimalizia Coco Beach, kwenye harufu ya mihogo ya kukaanga. Watoto walikuwa wanajenga vijumba vya mchanga, wazazi wengi wameinamia simu. Nilimkumbuka Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi. Baada ya kuachana na mwenzake Sigmund Freud mwaka 1913, maisha yalimvuruga. Akakumbuka alivyokuwa akijenga vijumba utotoni, akaenda kando ya ziwa kuokota mawe na kuanza kujenga tena, kila siku baada ya chakula cha mchana hadi wagonjwa wake walipofika. Alikuwa anakaribia miaka 40, ana mke na watoto, na aliandika kuwa ilimuonea aibu kubwa. Lakini mawazo yake yalianza kutulia.

Mzazi, huhitaji ziwa wala nauli ya kwenda ufukweni. Dakika 15 zinatosha kuanzia. Weka simu mbali, mwache mtoto achague mchezo, usimfundishe wala kumsahihisha. Siku nyingine mfundishe wewe mchezo wako wa zamani, iwe mdako, gololi au kombolela.

Wapo ambao utoto wao ulikuwa wa fimbo na kazi, na wakiukumbuka huumia. Kama ni wewe, unaweza kuanza kucheza sasa, ukubwani. Maumivu yakizidi au yakikunyima usingizi, zungumza na mhudumu wa afya.

Faida haiishii kwenye kupunguza mawazo. Mtoto anayekujua kwa amri tu, “Umeoga? Umekula? Daftari liko wapi?”, siku akionewa shuleni au akishikwa vibaya na mtu, atamwambia nani? Siri nzito humfikia yule ambaye mtoto amezoea kucheka naye.

Kesho ukirudi kutoka kazini, kabla ya kuuliza daftari, muulize: “Leo tunacheza nini?” Jirani akisema hovyo, mwite naye aje acheze.