Kichwa Ambacho Hakijaonekana

Njiru, mahali ninapokaa, ni mahali pa mawe. Ukifuata barabara ya Kangundo kutoka mjini Nairobi kuelekea mashariki, utafika kwenye matimbo ambamo watu huchonga mawe kwa nyundo na tindo, na mawe hayo huwa nyumba za watu. Usitafute mifupa ya dinosauri humo. Mawe yetu yalizaliwa na moto wa volkano, na umri wake ni miaka milioni chache tu. Dinosauri walitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita, wakabaki ndege waliotokana nao. Lakini kila mchonga mawe atakuambia kwamba jiwe hutoa lililo nalo, halitoi tulitakalo. Neno hili nataka tulipime, msomaji, kwa habari ya mnyama mmoja wa nchi jirani.

Kusini mwa Tanzania, katika mkoa wa Lindi, kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Mwaka 1906, wakati ambapo moto wa vita vya Majimaji ulikuwa haujazimika, mhandisi wa Kijerumani Bernhard Wilhelm Sattler aliona huko mifupa mikubwa iliyogeuka mawe. Kutoka mwaka 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yalifanya uchimbaji mkubwa kilimani hapo, ukianza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Wakubwa wa kazi walikuwa wachache. Wachimbaji na wachukuzi Waafrika walikuwa mamia. Reli haikuwapo, wala gari. Mifupa ilifungwa mizigo, ikachukuliwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mifupa iliyosafirishwa ilizidi tani 200, nayo mingi ipo Berlin hadi leo.

Wengi huzisikia sifa za jitu moja la Tendaguru, ambalo mifupa yake ilisimamishwa Berlin mwaka 1937, na kimo chake hupita mita 13. Mimi nakuomba uangalie pembeni mwa jitu hilo. Katika mizigo ile ilikuwamo mifupa ya mnyama mwembamba, mwenye shingo ndefu na miguu ya mbio, aliyeishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Urefu wake hukisiwa kuwa mita 6, na sehemu kubwa ya urefu huo ni shingo na mkia. Mwaka 1920 Janensch alimpa jina la Elafrosauri, maana yake mjusi mwepesi. Mifupa mingi ya mwili wake ilipatikana. Kichwa hakikupatikana.

Fikiri, msomaji, ni hasara gani hiyo. Mguu hueleza mwendo wa mnyama, lakini kinywa hueleza maisha yake: alikula nini, alimwinda nani, alimkimbia nani. Makumbusho hayakupenda kusimamisha mnyama asiye na kichwa, basi akatengenezewa kichwa cha kubuni. Kwa kuwa aliwekwa katika jamii ya dinosauri wala nyama, wachoraji wengi walimpa taya zenye meno. Wataalamu wengine walimdhania kuwa jamaa wa wale dinosauri wanaofanana na mbuni. Hawakuwa waongo. Lakini mchoro ukitazamwa miaka mingi huzoeleka, na kilichozoeleka hudhaniwa kuwa kimethibitishwa.

Jibu lilitoka mbali, jangwani kaskazini-magharibi mwa China. Mwaka 2009 Xu Xing na wenzake walieleza mnyama mdogo aliyeishi yapata miaka milioni 160 iliyopita, wakamwita Limusauri, yaani mjusi wa matope. Urefu wake haukufika mita 2, na uzito wake haukupita wa mbuzi. Alikuwa na mdomo mgumu kama wa ndege, na kinywani hamkuwa na jino hata moja. Tumboni alikuwa na vijiwe, mithili ya changarawe katika firigisi ya kuku. Huyu, ingawa wa ukoo wa wala nyama, alikula majani.

Mifupa ya wanyama hao ilikutwa imerundikana katika mashimo ya matope, ambayo wataalamu wanadhani ni nyayo za dinosauri wakubwa. Mdogo aliyetumbukia humo hakuweza kutoka. Sisi wa Njiru, tunaowakanya watoto wasicheze kando ya matimbo yaliyoachwa yakajaa maji ya mvua, tunaelewa kifo cha namna hiyo. Walakini msiba wao umekuwa elimu kwetu, maana walikufa wa kila umri. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa wataalamu wamelinganisha mifupa ya Limusauri 19, wakagundua ajabu: watoto walikuwa na meno madogo, na kadiri walivyokua meno yakatoweka, hata wakubwa wakabaki na mdomo mtupu. Wahenga wamesema mtoto wa nyoka ni nyoka. Hapa mtoto mwenye meno alikuwa wa mzazi asiye nayo.

Mwaka huo huo Oliver Rauhut na Matthew Carrano walitoa uchunguzi mpya wa mifupa ya Elafrosauri iliyoko Berlin. Waliona kwamba jamaa yake wa karibu ni yule Limusauri wa China. Basi huenda mnyama wa Tendaguru naye alikuwa na kichwa kidogo chenye mdomo usio na meno. Nasema huenda, nawe usiliruke neno hilo. Ushuhuda wa jamaa una nguvu kuliko dhana tupu, lakini haulingani na kichwa chenyewe. Siku mtu atakapokifukua, sote tutanyamaza tukitazame.

Kuna pengo jingine katika habari hii. Kwa miaka mingi vitabu vilitaja majina ya Wajerumani, na wale waliochimba na kubeba wakaitwa wenyeji tu, kama watu wasio na vichwa. Pengo hilo nalo limeanza kuzibwa. Mwaka 2007 dinosauri mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Boheti bin Amrani, msimamizi hodari wa wachimbaji. Mwaka 2019 mwingine alipewa jina la Wamwera, wenyeji wa nchi ile, pamoja na la Mohammadi Keranje. Majina hayo hayakubuniwa ili kuwafurahisha watu. Yalitafutwa katika kumbukumbu, kama mfupa utafutwavyo udongoni.

Kwa hiyo, msomaji, utakapoandika habari ya kale, ya mnyama au ya babu yako, utakuta mahali pasipo na kichwa. Usipake rangi hapo ili kazi ipendeze. Andika lililoonekana kuwa limeonekana, na lililodhaniwa kuwa limedhaniwa. Kisha chukua jembe utafute. Pengo lililoachwa wazi humwita mchimbaji, lakini lililozibwa kwa uongo humfukuza.