Panya Hai au Panya Aliyekufa?

Huenda mmesikia ya kuwa Chama cha Elimu ya Viumbe sasa kinafuga nyoka. Habari hii ni ya kweli. Ni nyoka wa nyumbani, yule wa rangi ya kahawia mwenye mistari myeupe kichwani, asiye na sumu, ambaye hapa Uganda huingia katika maghala kufuata panya. Alipatikana katika ghala la mahindi, na mwalimu wetu akaomba kibali cha kumweka. Wanafunzi wamempa jina la Mzee Kimya. Mwaka huu mimi ndiye mtunzaji wake, na jambo moja limeleta ubishi kuliko mengine yote: je, apewe panya hai, au panya aliyekwisha kufa?

Wengi katika chama walitaka panya hai, na sababu zao hazikuwa za kipumbavu. Walisema kwamba porini nyoka huwinda mwenyewe, wala hakuna mtu wa kumwandalia chakula. Tena walisema kwamba nyoka huua upesi. Hili la pili lina ukweli kuliko tulivyodhani. Zamani vitabu vilisema kwamba nyoka mwenye kubana huua kwa kuzuia pumzi. Lakini mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya kupima moyo na damu ya panya waliolazwa kwa dawa ya usingizi, kisha wakabanwa na nyoka aina ya boa. Waliona kwamba mwendo wa damu ulivurugika kwa muda wa sekunde chache tu.

Hata hivyo, sanduku si pori. Porini panya ana tundu la kukimbilia, na nyoka ana nafasi ya kwenda zake. Ndani ya sanduku la kioo wote wawili ni wafungwa, na waliowafunga ni sisi. Nyoka akiwa na njaa, mambo huisha mara moja. Lakini akiwa ameshiba, au akikaribia kujivua gamba, hujikunja pembeni asijali kitu, na panya hukaa saa nzima akitetemeka. Baadaye panya huyo huyo, kwa njaa au kwa hofu, huanza kumtafuna nyoka. Meno ya mbele ya panya hayakomi kukua, nayo ni makali kama patasi. Nyoka wengi wanaofugwa wamejeruhiwa vibaya kwa njia hiyo, na wengine wamekufa.

Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo haikutajwa katika mkutano ila kila mtu aliijua. Jioni ya kulisha, chumba kilijaa wavulana wakisukumana. Walipiga kelele na kuwekeana dau la chapati juu ya dakika ambazo panya angeishi. Wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Panya wetu tunawazalisha wenyewe, na mvulana mmoja wa kidato cha kwanza ndiye aliyewapa chakula na maji kila asubuhi. Jioni ya kulisha hakuonekana kamwe. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, “Kaka, mimi nawajua.” Sikuwa na jibu la kumpa.

Basi nilisimama mkutanoni nikaomba tutumie panya waliokufa. Kule Uingereza na Marekani mambo haya ni mepesi. Mtu huenda dukani akanunua panya waliogandishwa, wamefungwa katika mfuko kama samaki, asijue waliuawa na nani. Hapa mjini petu hakuna duka la namna hiyo. Kwa hiyo anayechagua panya aliyekufa ni lazima aseme pia nani atamwua. Hapo watu waliokuwa wakisema sana habari za huruma walinyamaza.

Nilisema kwamba nitafanya mimi. Mwalimu alinifundisha namna ya kuua mara moja, bila kumwumiza panya kwa muda mrefu, na hakuniruhusu kuifanya peke yangu mpaka aliporidhika na mkono wangu. Sitasema kwamba nimeizoea kazi hii, wala sitaki kuizoea. Usiku wa kwanza sikuweza kula. Lakini naiona kuwa halali kuliko kumtia panya katika sanduku, kufunga kifuniko, kisha kusema, “Ni nyoka aliyemwua, si mimi.”

Kwa faida ya wale watakaoshika kazi hii, naandika machache tuliyojifunza. Nilipoomba nafasi katika friza ya jikoni, mzee mpishi alinitazama akasema, “Kijana wangu, panya wako na nyama ya wanafunzi hawatalala nyumba moja.” Alikuwa na haki. Baridi haiviui vijidudu vya salmonela, na mwaka 2010 watu kadhaa huko Marekani waliugua kwa sababu ya panya waliogandishwa kwa ajili ya nyoka. Sasa tuna friza ndogo katika maabara, na kila mtu hunawa kwa sabuni. Panya wa maghalani hatuwatumii, maana pengine wamekula sumu. Umeme ukikatika muda mrefu na panya wakayeyuka, hatuwagandishi tena, bali tunawazika.

Panya huyeyushwa polepole mahali pa baridi, kisha hutiwa katika mfuko na kuwekwa ndani ya maji ya moto mpaka apate joto kama la mwili ulio hai. Hapikwi. Asiwe mnene kupita sehemu iliyo nene kabisa ya nyoka. Hushikwa kwa koleo refu na kutikiswa kidogo, jioni, wakati nyoka wa aina hii anapoanza kutembea.

Mzee Kimya alikataa mara mbili, na waliotaka panya hai wakanicheka. Mwalimu alinituliza, akisema kwamba nyoka mwenye afya aweza kukaa majuma kadhaa bila chakula. Mara ya tatu alitoa ulimi, akanusa, akaruka, akambana yule panya kwa nguvu zake zote kana kwamba alikuwa hai. Chumbani tulikuwa watu watatu tu, na hakuna aliyepiga kelele.

Mwisho wa mwaka nitaondoka, na mwingine atapokea koleo na daftari. Kwake nasema hivi: ukipenda kumfuga nyoka, kubali na kazi isiyopendeza, uifanye upesi na kwa utulivu, wala usiwaite watu kutazama. Na kama huwezi, hakuna aibu. Mwombe mwalimu amrudishe Mzee Kimya ghalani, akajiwindie mwenyewe.