Mizani ya Skrapu

Kitabu cha kliniki kina safu ya uzito. Kila ukienda, sista anakupandisha mizani, anaandika kilo, halafu anakupima presha na mkojo. Kwa mama wengi ni kazi ya dakika moja. Mimi natumia kiti cha magurudumu, na mizani ile ni ya kusimama. Siku ya kwanza sista aliandika kistari. Ya pili, kistari. Ya tatu akaniuliza, "Mama, wewe unajionaje, umenenepa?"

Maswali mengine pia hayakukosa: nani alinifanyia hivi, na huyo mtoto atalelewa na nani. Hayo nilishazoea, kama nilivyozoea makanga wa matatu za Kayole, ambao wakiona kiti wanasema gari imejaa. Kilichonikosesha usingizi ni kile kistari. Uzito ukipanda ghafla na presha nayo ikipanda, huenda kifafa cha mimba kinanyemelea, na hicho huua. Sasa mimi ningelinganisha nini na nini?

Dadangu ndiye aliwaza skrapu. Kuna jamaa Dandora ananunua vyuma kuukuu, ana mizani pana ya chini, ile ya kuwekea magunia. Alituangalia weee.

"Madam, hapa tunapima vyuma."

"Hata mimi nimekuja na vyuma," nikamwambia, nikigonga kiti.

Kiti kitupu, kilo 17. Mimi na kiti, 78. Toa, inabaki 61. Tangu hapo, kila kabla ya kliniki tulipitia kwake, na sista akawa anaandika namba yangu bila kubisha.

Wiki ya 33 nilikuwa nimeongeza kilo 4 kwa wiki mbili. Sista akaangalia namba, akanipima presha, akarudia kupima. Siku hiyo hiyo nikapewa barua ya hospitali kubwa, nikalazwa. Binti yangu alizaliwa mapema, mdogo kweli, lakini sauti ni ya muuza mitumba wa Gikomba.

Katiba ya 2010 iko wazi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, ikiwemo afya ya uzazi. Cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu aheshimiwe, aweze kufika mahali pote na kupata usafiri na habari. Hakuna ofisi itakayokubishia hayo. Lakini kwangu haki hiyo ilihitaji mizani inayolala chini, na kliniki haikuwa nayo. Skrapu ilikuwa nayo.

Mwezi jana yule jamaa alinipigia simu. Kuna msichana ametoka Kariobangi, ako na kiti kama changu, mimba ya miezi mitano. Ameelekezwa na dadangu. Anauliza ni pesa ngapi.

Nikamwambia asimtoze, na apime kiti kwanza kikiwa kitupu.