Siku ya kuni

Hapa Nyarugusu wengi wetu tunapika kwa kuni tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996. Sheria ya kilomita 4 tunaijua wote, na miti ya karibu ilikwisha zamani. Sisi walimu siku ya kuni tunaitambua kwa madawati: wasichana hawapo, wavulana wamekaa. Hilo ndilo tulilolipeleka kwenye kamati ya mazingira.

Wazee walianza na habari ya miche. Miche ni mizuri, ila haiivishi maharage ya leo jioni. Mama mmoja akasema, basi tuanze jikoni. Sasa wanakamati wanapita nyumba kwa nyumba wakionyesha: jiko la udongo wa kichuguu badala ya mafiga matatu, kuni kavu zilizopasuliwa nyembamba, maharage yalowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe. (Bibi zetu walijua mengi ya haya, tuseme ukweli.) Mzigo uliokuwa unaisha haraka sasa unasogea siku kadhaa.

Ombi letu lingine bado halijajibiwa: kuni zitafutwe Jumamosi, na kaka aende pamoja na dada. Akina baba, mkutano ujao njooni mtujibu.