Nyota ya Rehema Yamulika Gatwekera

Wapo wenzetu katika taaluma hii wanaodai kwamba riwaya kongwe za visiwani zimepitwa na wakati. Hoja yao ni kuwa kijana wa Nairobi, aliyelelewa katika Sheng, hana haja na mashamba ya mikarafuu wala na mabwana wa Unguja kabla ya Mapinduzi ya 1964. Mimi ni mzawa wa Gatwekera, mojawapo ya vijiji vya Kibera, na kwa msingi huo naipinga hoja hiyo. Ushahidi wangu ni Nyota ya Rehema, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed iliyochapishwa mwaka 1976.

Ikumbukwe kwamba Rehema ni binti wa Mwarabu mwenye mali, ila rangi ya ngozi yake inamtia babake shaka, naye analelewa kwa dharau hadi anatoroka. Baada ya madhila mengi anatulia kwa Sulubu, mkulima fukara. Wawili hao wanahamia shamba lililokuwa la babake na kulistawisha kwa jasho lao. Linapopendeza, ndipo jamaa wa upande wa baba wanapojitokeza kulidai. Jasho halina muhuri, na mgogoro unaishia katika umwagaji wa damu.

Msomaji wa Kibera hahitaji kufafanuliwa mgogoro huo. Wazee wa Kinubi, ambao babu zao walilitumikia jeshi la Waingereza na kupewa makao hapa mwanzoni mwa karne ya 20, walisubiri hadi mwaka 2017 kukabidhiwa hati ya ekari 288. Katika Gatwekera, anayeitwa mwenye nyumba anamiliki mabati, mbao na udongo wa ukutani; kiwanja si chake. Mpangaji hamiliki hata hayo mabati. Mnamo Julai 2018, barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipopasuliwa kati ya vijiji vyetu, watu wapatao 30,000 walipoteza makao.

Jioni moja nilimsimulia mama yangu kisa cha Rehema. Mama ameishi Gatwekera kwa zaidi ya miaka thelathini, na hajawahi kusoma riwaya. Hakuuliza Unguja ni mbali kiasi gani, wala mkarafuu ni mti wa namna gani. Aliuliza hivi: "Kwani huyo mzee hakumwachia mtoto hata barua ya chifu?"

Waama, swali hilo linagusa kiini cha riwaya nzima. Sidai kwamba Unguja ya Rehema na Kibera ya leo ni kitu kimoja. Rehema alikuwa na nasaba ya kuegemea. Mpangaji wa Gatwekera ana risiti ya kodi tu, na mara nyingi hata hiyo hana. Kinachowaunganisha ni suala lisilokwisha: je, miaka ya kuishi na kufanya kazi mahali humpa mtu haki gani, maadamu karatasi imeandikwa jina la mwingine? Sheria za ardhi zilirekebishwa mwaka 2016, na sasa mtu anayeondolewa anastahili notisi ya miezi mitatu. Hiyo ni hatua, lakini notisi ni muda wa kufunga virago. Haimpi mtu haki ya kukaa.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye thamani ya riwaya kongwe. Mwandishi hamsafishi Sulubu, wala hawapi ushindi wenye karatasi. Anatuachia shamba lililostawi na damu juu yake, nasi tuamue. Magazeti hutuhesabia waliohamishwa kisha husonga mbele. Riwaya hutulazimisha kukaa na mmoja wao tangu kuzaliwa kwake hadi siku anapobishiwa hodi.

Basi, wahadhiri na wanafunzi wenzangu, tusiifungie Nyota ya Rehema katika rafu ya historia ya fasihi. Tuisome na watu ambao nyumba zao zimepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Maswali yao yataihakiki kuliko tasnifu zetu.