Mkia wa Sauti

Desemba ikifika, Same hufurika. Mabasi ya Dar es Salaam hushusha watu usiku na mchana, magari madogo hupanda milimani yakiwa yamejaa hadi kwenye keria, na kumbi za harusi hazibaki na Jumamosi hata moja ya wazi. Ilikuwa Desemba ya mwaka 2012, katika mojawapo ya kumbi hizo, mpiga kinanda mmoja wa kwaya alipogundua kwamba vidole vyake vinafika kwenye wimbo kabla ya sauti yake.

Alikuwa amejiandaa kwa wiki tatu. Kinanda chake, Yamaha ya familia ya PSR, siku hiyo hakikuchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa kama ilivyokuwa desturi. Waya wake uliingia kwenye laptopu ya mtumba, na humo ndani sauti ikapita kwenye ikwalaiza, kompresa, korasi (ile inayofanya kinanda kimoja kisikike kama viwili) na mwishoni rivabu, yaani mwangwi, iliyonakiliwa kutoka kanisa kuu la Ulaya. Ndipo ikatoka kwenda kwenye spika. Nyumbani, kwa hedifoni, hakuwahi kujisikia akipiga vizuri namna ile. Ukumbini, wimbo wa pili tu, sauti ikaanza kukwaruza kama redio iliyopoteza stesheni.

Akapandisha bafa kutoka 128 hadi 512. Mikwaruzo ikatulia. Lakini sasa mpiga dramu alikuwa mbele, yeye nyuma, kwaya katikati isijue imfuate nani, na bibi harusi akaingia kwa mwendo ambao hakuna aliyeupanga.

Miaka mingi baadaye bado anaweza kuieleza hesabu ya siku ile bila kushika karatasi. Kompyuta haipokei sauti kama bomba linavyopokea maji. Huikata vipande, kwa kawaida vipande 44,100 kila sekunde, kisha huvipanga kwenye kapu na kusubiri lijae ndipo ivishughulikie. Kapu hilo ndilo bafa. La vipande 128 hujaa kwa milisekunde zisizofika 3, na katika muda huohuo prosesa inatakiwa iwe imemaliza kazi yote ya kapu lililotangulia. Ikichelewa kidogo, panabaki pengo, na pengo ndilo mkwaruzo. La vipande 512 huipa prosesa nafasi ya kupumua, ila hujaa kwa milisekunde 11.6, na kwa kuwa sauti ya kinanda chake ilikuwa inaingia na kutoka, ilisubiri mara mbili. Jumla, milisekunde 23.

Kwa anayesoma ni muda mfupi sana. Lakini hewani sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila milisekunde, kwa hiyo 23 ni sawa na mtu aliyechukua spika yako na kuisogeza mita 8 mbali na masikio yako. Na spika zenyewe tayari zilikuwa mbele ya jukwaa, hatua kadhaa kutoka alipokaa. Msikilizaji wa mwisho kabisa ukumbini hawezi kulitambua hilo. Kidole hulitambua mara moja, kisha huanza kusitasita.

Alikulia Mbaga, Upare Kusini, unakofika kutoka Same mjini kwa barabara ya vumbi inayopitia Mwembe. Huko juu muziki wa kanisa ni jambo la kale kuliko wazee wote walio hai. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika Upare mwaka 1903 na kuanzia Giti. Walutheri wa Misheni ya Leipzig nao walikuwa na vituo vyao, na Jakob Dannholz, mmoja wao, ndiye aliyeishi Mbaga. Waliacha nyimbo za sauti nne. Mtoto wa milimani hujua kama yeye ni sauti ya kwanza au ya tatu kabla hajajua tebo ya saba.

Kinanda cha kwanza alichokigusa kilitumia betri sita kubwa, zile za tochi, maana umeme haukuwepo. Michango ya kwaya ilikwenda kwenye betri. Spika zake mbili ndogo zilikuwa humohumo kwenye kinanda, na hazikuhitaji msaada, kwa sababu kanisa lenyewe lilikuwa la mawe na kuta nene. Ukibonyeza noti na kuachia, ilibaki ikizunguka juu ya vichwa vya watu. Yeye, kwa uchu wa utoto, alijaza noti nyingi hadi maneno ya wimbo hayakusikika. Mwalimu wa kwaya alimsimamisha katikati ya mazoezi. “Mwanangu,” alimwambia, “acha nyumba imalizie.”

Hakuelewa.

Aliposhuka Same kusoma, akakuta nyumba zisizomalizia kitu. Kumbi za tambarare, bati juu, dari ya mbao laini, mapazia, watu 400 wamekaa karibukaribu: sauti hufa papo hapo. Kinanda kikasikika kikavu, kama kinapigwa ndani ya sanduku la nguo. Rivabu iliyokuwa ndani ya kinanda ilikuwa na majina ya kupendeza, ukumbi, chumba, jukwaa, lakini ulichagua moja na kuishia hapo. Hukuweza kuurefusha mkia wa mwangwi wala kupunguza ule mng'aro wake wa juu unaokwaruza masikio. Kwa fundi mitambo kulikuwa na kitufe cha mwangwi kwenye mikisa, ila hicho kilikuwa mali ya mhubiri.

Ndipo ikaja laptopu, na pamoja nayo ulimwengu wa plagini, viprogramu vidogo vya kuongeza efekti ndani ya programu ya muziki. Kampuni ya Steinberg ya Hamburg ilikuwa imeutangaza mfumo wa VST mwaka 1996, na kwa kuwa iliruhusu wengine wautumie, watengenezaji wadogo kila kona ya dunia wakaanza kuandika efekti zao, nyingi za bure. Kwa kijana wa Same hilo lilikuwa jambo la ajabu kweli. Studio za Ulaya mwaka 1957 zilinunua EMT 140, rivabu ya bamba la chuma lenye uzito wa zaidi ya kilo 200 pamoja na kasha lake. Yeye alikuwa anapokea kazi ya chombo kile kwa bando la simu, usiku, wakati bando ni nafuu.

Kosa lake, na hapa mwandishi anamwelewa kabisa kwa sababu ni kosa la mtu mwenye njaa, ni kwamba alichukua kila kitu. Plagini yenye picha ya vitufe vya dhahabu aliiamini kuliko ile ya kijivu. Rivabu ya harusi ilikuwa ya aina inayobeba nakala halisi ya mwangwi wa jengo. Ni nzuri mno, ila hesabu yake ni nzito: nakala ya sekunde 4 ina vipande 176,400, na kwa njia ya moja kwa moja kila kipande kimoja cha sauti inayoingia kingezidishwa na vyote hivyo. Watengenezaji wana njia za mkato za kihisabati, la sivyo hakuna kompyuta ingeweza, lakini hata kwa njia za mkato laptopu yenye RAM ya gigabaiti 2 inakimbia huku inahema.

Baada ya harusi ile hakupiga popote kwa mwezi mzima. Akaanza kupunguza.

Alianza na kilichokuwa karibu: kelele. Laptopu ikiwa kwenye chaja, spika zilitoa sauti ya nyuki. Ukichomoa chaja, nyuki wanaondoka. Akajifunza kuja na betri iliyojaa na kupiga bila chaja. Akazima intaneti kabla ya kila ibada, maana kifaa cha mtandao ndani ya kompyuta hupora muda wa prosesa bila kuomba ruhusa, na mikwaruzo mingi aliyoidhania ni ya plagini ilitokana na hicho. Tundu la maiki la laptopu likaachwa. Badala yake akanunua UCA202 ya Behringer, kiboksi kidogo kinachopata umeme kupitia waya wa USB, na draiva ya bure ya ASIO4ALL ikaziba pengo la mazungumzo kati ya kiboksi na programu.

Kisha akahamia Reaper, programu ya kurekodi na kuchakata sauti. Jina la mtengenezaji wake lingemfurahisha yeyote aliyepitia vibanda vya intaneti vya Tanzania miaka ya 2000: Justin Frankel, yuleyule aliyetengeneza Winamp, programu ya kuchezea muziki, mwaka 1997. Reaper ilitoka rasmi mwaka 2006, na faili lake la kusakinisha lilikuwa chini ya megabaiti 20, yaani mtu alilipakua bila kumaliza bando la wiki. Efekti zake hazina picha wala rangi. Ni vitelezi na namba tu. Zilifunguka kabla hajavuta pumzi, na zilionyesha wazi kila moja inakula asilimia ngapi ya prosesa. Kwa mara ya kwanza alikuwa na mizani.

Akazipima rivabu moja baada ya nyingine, usiku, kwa wimbo uleule wa polepole. Ndipo alipokutana na Freeverb, ambayo mtengenezaji wake aliisaini kwa jina moja tu, Jezar, na kuitoa bure kwa dunia nzima mwaka 2000. Ndani yake hakuna nakala ya jengo lolote. Kila upande, kushoto na kulia, una vichujio 8 vinavyozungusha sauti kwa pamoja na 4 vinavyofuatana kuisambaza. Ni wazo lililotoka kwa Manfred Schroeder wa maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati kompyuta ilijaza chumba. Laptopu yake iliibeba kama haibebi kitu. Baadaye akakaa na OrilRiver ya Denis Tihanov, nayo ya bure, yenye mkia laini zaidi na kitelezi cha kupunguza ule mng'aro wa juu uliomsumbua tangu enzi za PSR.

Bado kidole kilikuwa kinasubiri, ingawa kidogo. Aliyeiondoa shida hiyo ni fundi mitambo mmoja mtu mzima, katika mkutano wa injili uwanjani, aliyemwona akihangaika na namba za bafa.

“Mwangwi umewahi kukujibu kabla hujamaliza kuita?” fundi alimuuliza.

“Hapana, mzee.”

“Sasa mbona unamharakisha?”

Fundi akachomoa waya wa kinanda kutoka kwenye kiboksi na kuupeleka mikisani moja kwa moja. Kisha kwa njia ya pembeni ya mikisa akaipelekea laptopu nakala ya sauti hiyo, na kuiagiza programu irudishe mwangwi peke yake, bila tone la sauti kavu. Kinanda sasa kilifika spikani papo hapo. Laptopu ilileta mkia, na mkia ukichelewa milisekunde 23 hakuna ubaya, kwa sababu ndani ya jumba kubwa la kweli sauti hutumia muda kama huo kwenda ukutani na kurudi. Kucheleweshwa kulikomwaibisha harusini kukawa sehemu ya chumba.

Njia hii ina mipaka, na mpiga kinanda alikumbana nayo wiki ileile. Ikwalaiza haikubali kuwekwa pembeni namna hiyo: nakala iliyochelewa ikikutana na ile kavu, baadhi ya mawimbi hufutana, na kinanda hutoka kama kimefungwa kwenye bomba la plastiki. Kompresa vilevile. Akaziondoa zote mbili na kuanza kutumia vitufe vya mikisa, vilivyokuwepo siku zote. Laptopu ikabaki na plagini moja.

Mwaka uliofuata, katikati ya pambio, ile laptopu iliganda kabisa. Alijua kwa sababu ukumbi ulikauka ghafla. Akapunguza noti, akashikilia zile alizobonyeza muda mrefu zaidi kuziba pengo, na kwaya ikaendelea hadi mwisho. Hakuna aliyegeuka kumtazama isipokuwa fundi.

Siku hizi kabla ya kupanga nyaya hupiga kofi moja katikati ya ukumbi na kusikiliza. Kule Mbaga, kwenye mawe, begi la laptopu halifunguliwi.

Mpwa wake wa kike, aliyemaliza kidato cha nne, sasa ndiye anayepiga kwaya ya vijana. Desemba iliyopita alimpigia simu kutoka ukumbini, nyuma yake kelele za viti vinavyoburutwa.

“Shikamoo mjomba. Bafa niweke ngapi? Nikiweka 128 inakwaruza.”

“Marahaba. Waya wa kinanda umeupitisha wapi?”

“Umeenda mikisani wenyewe. Laptopu nimeipa rivabu tu.”

“Basi weka 512, mwanangu, ukapige.”